Baiti 28: kisa cha bloki zilizojirudia kwenye chumba cha baridi cha Feri

Simu ilinikuta ndani ya daladala, nimesimama, tunakaribia Magomeni. Aliyepiga ni mama mwenye chumba cha baridi jirani na soko la samaki la Feri, mteja wetu wa siku nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii ripoti ya kidude chenu inanigombanisha na watu. Inasema juzi usiku mlango ulikaa wazi dakika 44. Kijana wangu wa zamu anaapa walipokea samaki wa boti moja tu, dakika ishirini na kitu, akafunga. Samaki wa nyuma wamelegea, na hasara nataka kumkata yeye. Nimwamini nani, mtu au mashine?"

Nilimwomba asimkate chochote mpaka nimpe jibu. Alikubali, ila kwa sauti ya mtu anayehesabu siku. Nilishuka Sinza nikaenda moja kwa moja kwenye meza yetu ya kazi, nikafungua faili la kadi alilotutumia fundi wetu. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeona jambo lililoninyima usingizi: bloki ya usiku ule ilikuwa mara mbili, moja nyuma ya nyingine, na zote mbili zilikuwa na muhuri sahihi.

Ili kisa kieleweke lazima nieleze kifaa. Ndani ya chumba kuna kipimajoto na kihisi cha mlango. Nje, kwenye kisanduku ukutani, kuna skrini ndogo, chipu ya flashi (memori isiyosahau umeme ukikatika) ya megabaiti 4 inayozungumza kwa SPI, njia ya nyaya chache inayopitisha data biti mojamoja, na tundu la kadi ya SD. Kila dakika tunaandika kwenye flashi rekodi moja ya baiti 12: saa, joto, mlango. Rekodi 42 ni baiti 504. Mbele yake tunaweka namba ya bloki, baiti 4, na nyuma yake tunaacha baiti 4 tupu. Jumla 512, ambayo ndiyo bloki moja ya kadi ya SD. Flashi nzima inabeba bloki 8,192, yaani rekodi 344,064. Kwa mwendo wa rekodi moja kwa dakika, hizo ni zaidi ya siku 238 kabla ya kuanza kufuta za zamani. Shikilia hilo la siku 238, litatuokoa mwishoni.

Fundi akichomeka kadi, programu inasoma bloki moja kutoka kwenye flashi na kuiweka kwenye bafa la RAM, yaani kipande cha memori ya kazi cha kushikia data kwa muda. Hapo prosesa inakokotoa namba ya uhakiki juu ya baiti 508 za mwanzo na kuiandika kwenye zile 4 za mwisho. Hiyo ndiyo tunayoiita muhuri. Kisha bloki inapelekwa kwenye kadi, na inayofuata inasomwa kwenye bafa lilelile. Humo hamna Linux wala mfumo mwingine mkubwa. Kiini cha mfumo tumekiandika wenyewe: kipanga zamu cha kazi, draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya SPI, draiva ya kadi, draiva ya skrini, basi.

Bodi yetu ya kwanza ilikuwa na prosesa ya Cortex-M4. Pale tulijifunza kwamba prosesa haifai kubeba baiti mojamoja kama kuli. Kwa SPI ya megahezi 27, bloki moja ya biti 4,096 inachukua takriban maikrosekunde 152. Prosesa ya megahezi 216, kama tuliyonayo sasa, ikikaa inasubiri muda huo inapoteza mizunguko 32,768 kwa kila bloki, na wakati huo skrini imeganda. Kwa hiyo kazi ya kubeba tuliipa DMA, saketi iliyo ndani ya chipu ambayo unaiambia "chukua baiti 512 kutoka mlango huu, weka kwenye anwani hii, ukimaliza niite." Prosesa inaendelea na mambo mengine. Upande wa kadi ni hivyohivyo: DMA inachota kwenye bafa na kusukuma kwenye kadi. Kwenye M4 mpango huu ulitembea bila kosa hata moja.

Kisha tukahamia chipu ya STM32F746, yenye prosesa ya Cortex-M7. Tofauti kubwa kwetu ilikuwa jambo moja ambalo mwanzoni hatukulipa uzito: M7 ina kache ya data. Ukifungua mipangilio ya simu yako kwa Kiswahili utakuta kitu cha jinsi hiyo kinaitwa akiba. Kwenye chipu hii ni kilobaiti 4 tu za memori ya kasi, zilizokatwa katika mistari 128 ya baiti 32 kila mmoja. Prosesa ikitaka baiti moja kutoka RAM, inavuta mstari mzima wa baiti 32 na kuuweka karibu. Ikiandika, inaandika kwenye mstari ulioko karibu, na RAM yenyewe inapata habari baadaye, pale mstari huo utakapotolewa kupisha mwingine.

Kache hiyo huja imezimwa. Tuliiwasha kwa sababu skrini ilikuwa inakwama-kwama, na skrini ikawa laini ajabu. Wiki ileile mihuri ikaanza kukataa.

Naomba nisilipitie haraka kosa hili la kwanza, maana mafundi wengi tunapotea hapa kwa kukimbilia sababu tulizozizoea. Ripoti za mwanzo zilisema: bloki kadhaa katika kila mia, muhuri haulingani na data. Tukashuku kompresa ya chumba cha baridi, kwamba ikiwaka inatupa kelele kwenye nyaya za SPI. Nilikwenda Kariakoo nikanunua kapasita, tukazipachika, tukafupisha nyaya. Hakuna kilichobadilika. Tukashuku kadi, kwa kuwa kila mtu Dar anajua kuna kadi zinazotangaza ukubwa ambao hazina. Tukaijaza ile kadi mpaka mwisho na kuisoma tena, ikawa nzima. Hata hivyo nikanunua kadi ya bei, ya kasi, ili kuondoa shaka. Makosa yakaongezeka.

Hapo ndipo ilibidi tusimame. Kadi bora inawezaje kuharibu zaidi?

Jambo la pili lilikuwa la ajabu kuliko hilo. Nilipoongeza mstari mmoja wa programu wa kuchapisha yaliyomo kwenye bafa ili nione kinachoendelea, makosa yalitoweka. Nikiuondoa, yanarudi. Mwenzangu, dada mdogo aliyejiunga nasi akiwa bado na vumbi la chuo, ndiye aliyesema neno lililotutoa gizani: "Kaka, tumezilinganisha data mbovu na nini?" Tulikuwa tunaangalia muhuri tu. Tukasoma flashi ileile kwa njia ya zamani, baiti moja baada ya nyingine bila DMA, na kulinganisha. Data zilizofika kwenye kadi zilikuwa sahihi karibu zote. Kilichokosewa ni muhuri. Na pale data zilipokosewa, mwishoni mwa bloki, hazikuwa takataka. Zilikuwa rekodi za bloki iliyotangulia, nzima, zenye saa na joto lake. Kelele za umeme hupindua biti hovyo. Haziwezi kukuletea rekodi kamili ya dakika 42 zilizopita. Tulizima kache, tukanakili flashi nzima mara tatu, hakuna kosa. Tukaiwasha, makosa yakarudi.

Mfano niliompa mwenzangu siku ile ni wa duka la jumla pale Kariakoo. Mwenye duka anakaa kaunta na daftari dogo. Ghala liko nyuma, lina kitabu kikubwa. Asubuhi alinakili ukurasa wa sukari kutoka kitabu kikubwa hadi kwenye daftari: mifuko 10. Mchana lori limeingia kwa mlango wa nyuma, wapakuaji wameandika kwenye kitabu kikubwa: mifuko 60. Hakuna aliyekwenda kaunta kumwambia. Mteja akiuliza, mwenye duka anafungua daftari na kujibu kwa moyo mweupe: mifuko 10. Hajadanganya. Amesoma alichonacho.

DMA ni lori la mlango wa nyuma. Inaandika kwenye RAM moja kwa moja, na kache haina habari. Prosesa ikikokotoa muhuri inasoma mistari ya bloki iliyopita iliyobaki kwenye kache, halafu DMA ya kadi inakwenda kuchota bloki mpya kutoka RAM. Data mpya, muhuri wa data za zamani. Kadi ya polepole ilikuwa inatusaidia bila sisi kujua: wakati programu inasubiri kadi imalize kuandika, kazi ya skrini inapita kwenye kache na kuisukuma nje ile mistari ya zamani, kama wateja wengi wanavyomlazimisha mwenye duka kufungua ukurasa mpya. Kadi ya kasi haikuacha nafasi hiyo. Na ule mstari wangu wa kuchapisha ulifanya kazi ileile ya kusukuma. Upande wa pili nao ulikuwa na tatizo lake, kinyumenyume: muhuri ulioandikwa na prosesa ulibaki kwenye kache, DMA ya kadi ikachota RAM ambayo bado haijapata habari.

Nataka kuongeza hapa kwamba kadi ya SD ina CRC yake, namba ya uhakiki ya biti 16, kwenye nyaya za data, na mara zote ilisema sawa. Ilikuwa haikosei. CRC hiyo inalinda safari ya kutoka chipu hadi kadi. Data ikiondoka ikiwa mbovu, inafika na ubovu wake ukiwa salama kabisa.

Dawa ya kosa la kwanza inajulikana na imeandikwa kwenye miongozo ya M7. Baada ya DMA kuleta data, unaifuta mistari ya bafa kutoka kwenye kache, ili prosesa ilazimike kusoma RAM upya. Kabla ya DMA kupeleka data, unaisukuma mistari iliyoandikwa hadi RAM. Tuliweka amri hizo mbili, kila moja mahali pake. Mihuri ikalingana, bloki 8,192 kwa 8,192, kwa kadi zote. Tukafunga vifaa kwa wateja na mimi nikalala.

Miezi ilipita. Katikati yake tulifanya badiliko dogo ambalo sikulihesabu kuwa na uhusiano wowote na kache. Mafundi walilalamika kwamba kadi ikichomolewa kabla ya wakati, unakili unaanza upya tangu bloki ya kwanza. Tukaongeza kihesabio cha baiti 4 kinachokumbuka tumefika bloki ya ngapi. Kinapanda moja pale kadi inapokubali kupokea bloki, kabla hatujaisubiri imalize kuandika. Kilijaribiwa, kilifanya kazi, kikaenda. Ndipo ikaja ile simu ya Magomeni.

Safari hii muhuri haukuwa na la kusema. Hilo ndilo lililoniuma. Katika kosa la kwanza uhakiki wetu ulipiga kelele. Katika hili uliweka sahihi yake juu ya uongo. Programu ya ripoti ilipokea bloki ya usiku ule mara mbili, ikajumlisha dakika za mlango mara mbili, 22 na 22, ikatoa 44. Kijana wa watu akawa anadaiwa samaki.

Tulichukua kadi ya kasi na kifaa cha akiba, tukanakili tena na tena mezani. Tuliona bloki zinazojirudia, chache, bila mpangilio. Halafu mwenzangu akaona aina ya pili, ambayo mimi niliipita. Kulikuwa na bloki zenye namba ya bloki iliyotangulia, lakini ndani hazikufanana nayo. Akaziweka bega kwa bega na data za kweli. Sehemu iliyokosewa ilikuwa mwanzoni tu, na kila mara urefu wake ulikuwa uleule: baiti 28. Namba ya bloki, baiti 4, na rekodi mbili za baiti 12. Zote kutoka bloki iliyotangulia. Kuanzia baiti ya 29 kila kitu kilikuwa sahihi, na muhuri ulilingana na mchanganyiko huo.

"Kaka, ingekuwa 32 ningesema ni mstari wa kache," alisema. "Hizi nne zimekwenda wapi?"

Nilinyamaza kidogo, kisha nikafungua ramani ya memori ambayo kiunganishi cha programu hutoa mwishoni. Kihesabio kipya kilikuwa kwenye anwani 0x20010020 (anwani huandikwa kwa namba za msingi wa 16). Bafa, ambalo zamani ndilo lililokaa hapo, lilikuwa limesogezwa hadi 0x20010024. Kihesabio kilikuwa kimepanga chumba ndani ya nyumba ya bafa. Mstari wa kache unaoanzia 0x20010020 ulibeba baiti 4 za kihesabio na baiti 28 za mwanzo za bafa.

Rudi kwenye duka la Kariakoo. Mwenye duka hanakili mstari mmojammoja kati ya daftari na kitabu kikubwa. Ananakili ukurasa mzima. Ukurasa mmoja una chumvi juu na sukari chini. Mchana amerekebisha chumvi kwenye daftari lake. Lori la sukari limeingia nyuma, wameandika kitabuni. Jioni mwenye duka anachukua ukurasa wake na kuunakili wote juu ya ule wa kitabu. Chumvi imeandikwa sawa. Sukari imerudi kuwa ya asubuhi. Au kinyume chake: anaambiwa ukurasa wake umepitwa na wakati, autupe na kunakili upya kutoka kitabuni. Anatii. Sukari sasa ni sawa, lakini rekebisho la chumvi limekwenda na ukurasa uliotupwa.

Aina zetu mbili za makosa zilikuwa hizo mbili hasa. Kihesabio kinapopandishwa, mstari wake kwenye kache una habari mpya ambayo RAM haina, na ndani ya mstari huohuo kuna baiti 28 za bloki iliyopita. Kwa kawaida kadi inachelewa, skrini inachorwa, mstari unasukumwa RAM mapema, na hakuna madhara. Kadi ikimaliza haraka, DMA ya flashi inaanza kuleta bloki mpya huku mstari ule bado uko kwenye kache. Ndani ya maikrosekunde chache za mwanzo zile baiti 28 mpya zimeshatua RAM. Ikitokea skrini ikachorwa baada ya hapo, mstari wa zamani unasukumwa juu yake. Prosesa inakuja kusoma RAM, inakuta mchanganyiko, inaupigia muhuri kwa uaminifu. Hiyo ndiyo bloki ya baiti 28. Ikitokea skrini imetulia, mstari unabaki mpaka amri yetu ya kufuta inapokuja. Amri hiyo, ambayo tuliiweka wenyewe kutibu kosa la kwanza, inafuta mstari mzima pamoja na kihesabio kilichopandishwa. Kihesabio kinarudi nyuma moja, bloki inasomwa tena. Hiyo ndiyo bloki ya kijana wa Feri. Usiku, hakuna anayegusa skrini, fundi amepita na kadi nzuri.

Maelezo yakipendeza hivi ni rahisi kuyaamini kabla ya kuyapima, na nilishaaminishwa na kompresa. Kwa hiyo tulifanya jaribio ambalo jibu lake tuliliandika kwenye karatasi kwanza. Tuliweka baiti 12 za kujazia kati ya kihesabio na bafa. Bafa likasogea hadi 0x20010030. Kama tuko sahihi, sehemu mbovu haitakuwa tena 28. Itakuwa 16, kwa kuwa ndizo baiti za bafa zilizobaki ndani ya mstari wa kihesabio. Tukanakili mpaka kosa likatokea. Baiti 16. Namba ya bloki na rekodi moja kamili, za bloki iliyotangulia. Mwenzangu alipiga meza kwa kiganja, na mimi sikumwambia anyamaze ingawa majirani walikuwa wamelala.

Kisha tukaweka baiti 28 za kujazia. Bafa likaenda 0x20010040, mwanzo wa mstari wake lenyewe. Makosa ya aina zote mbili yakaisha.

Kutoka hapo hadi dawa ya kudumu tulibishana siku nzima, na mabishano yenyewe yana faida. Mwenzangu alitaka bafa lihamie DTCM, memori ya kilobaiti 64 iliyo ubavuni mwa prosesa ambayo haipiti kwenye kache. Kwenye chipu yetu DMA inaifikia, ina kasi, na tatizo linaondoka lote bila amri hata moja. Nilikataa kwa sababu moja: kwenye familia ya STM32H7, ambayo ndiyo tutakayohamia, DMA za kawaida hazifiki DTCM. Programu ingehama na bafa lake, na unakili ungekufa siku ya kwanza. Njia nyingine ni kutumia MPU, sehemu ya prosesa inayopanga kanuni za kila eneo la memori, kuitangaza sehemu ya RAM kuwa haipiti kwenye kache. Hiyo ni njia ya heshima, na mwenye bafa nyingi ningemshauri aifuate. Sisi bafa letu ni moja.

Tulichochagua ni bafa linaloanza mwanzo wa mstari na lenye urefu unaogawanyika kwa 32, kwa amri kwa mkusanyaji wa programu, anayegeuza tulichoandika kuwa lugha ya chipu, wala si kwa bahati ya ramani. Tukaongeza ukaguzi unaokataa kukusanya programu endapo mtu ataongeza kigezo, kama kile kihesabio, kitakachovunja mpangilio huo. Na amri za kache zikabadilika kidogo: kabla ya DMA kuleta data tunasukuma na kufuta mistari ya bafa, ili pasiwe na mstari wenye maandishi mapya unaosubiri kumwagika juu ya data inayoingia; kisha baada ya DMA kumaliza tunafuta tena, kwa sababu M7 inaruhusiwa kuvuta mistari ya RAM kwa kubahatisha kabla programu haijaiomba, na huenda imevuta ya zamani katikati ya safari.

Kanuni tuliyoiandika juu ya faili la draiva ni ya umiliki. Bafa ni la DMA au ni la prosesa, kamwe si la wote wawili, na kila linapobadilisha mmiliki kuna makabidhiano. Sikuitunga mimi. Kiini cha Linux kimeijenga ndani ya kazi zake: draiva huita dma_map_single kulikabidhi bafa kwa kifaa, dma_sync_single_for_cpu kulirudisha kwa prosesa, dma_sync_single_for_device kulipeleka tena, na kila mara lazima itaje data inaelekea wapi. Nyaraka zake zinaonya kuhusu jambo lilelile lililotupata, bafa kushiriki mstari wa kache na kigezo kingine, na pia zinakataza kutumia bafa lililoko kwenye steki ya kazi (memori yake ya muda) kwa DMA. Aliyezoea kompyuta za mezani anaweza kuandika draiva miaka na asilione kosa hili, kwa kuwa kwenye x86, prosesa za kompyuta nyingi za mezani, maunzi yenyewe huhakikisha kache na DMA zinaona kitu kimoja. Programu yake ikihamia chipu ndogo kama yetu, ulinzi ule haumfuati.

Kuna tulichokirekebisha nje ya kache pia. Muhuri sasa unakokotolewa wakati rekodi zinaandikwa kwenye flashi, karibu na chanzo, na programu ya unakili inauhakiki tu bila kuugusa. Bloki ikiharibika njiani, muhuri utakataa. Programu ya ripoti nayo inakataa namba ya bloki inayojirudia au saa inayorudi nyuma. Mambo haya mawili yangetuonya mapema, na nasikitika kwamba hatukuyafanya tangu mwanzo, maana aliyelipa uzembe huo karibu awe mtu asiyejua hata kama kuna kitu kinaitwa kache.

Kilichotuokoa ni flashi. Kosa lilikuwa kwenye kunakili; rekodi zenyewe, za siku zaidi ya mia mbili, zilikuwa zimelala salama ndani ya kifaa cha Feri. Tulikwenda asubuhi, maboti yakiwa yanashusha, tukaweka programu mpya na kunakili upya kila kitu mbele ya mama na yule kijana. Bloki 8,192, namba zimefuatana, hakuna iliyojirudia. Nikafungua usiku ule. Mlango ulifunguliwa saa nane na dakika sita, ukafungwa saa nane na dakika ishirini na nane. Dakika 22.

Mama alisoma mara mbili, akamtazama kijana, akamwambia, "Haya baba, nimekosea." Halafu akanigeukia akaniuliza, kama si mlango, basi samaki wa nyuma walilegezwa na nini. Tukarudi kwenye rekodi za joto, dakika kwa dakika. Kuanzia saa tisa na robo joto lilikuwa limeanza kupanda taratibu huku mlango umefungwa, likapanda kwa zaidi ya saa moja, kisha likashuka. Aliita fundi wa kompresa palepale.